Viberiti vya Baba Mdogo Owino

Nilipokuwa mtoto, kila kitu kilichotoka mwilini mwangu kilikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa nyanya yangu, Dani Apiyo. Kucha nilizokatwa alizichoma. Nywele nilizonyolewa alizitupa chooni kwa mkono wake. Aliamini, kama wengi kwetu ufuoni mwa ziwa, upande wa Homa Bay, kwamba mchawi akipata hata kitu kidogo cha mwili wako atakifunga kwenye kitambaa na kukizika, na tumbo lako litaanza kuvimba.

"Usiachie watu kitu chako," alikuwa akiniambia. "Watakumaliza."

Basi miaka michache baada ya uhuru, wakatujia watafiti wa kichocho. Walipiga hema karibu na shule, chifu akaitisha baraza, na kila mtu akapewa kasha tupu la kiberiti alirudishe kesho yake likiwa na kinyesi chake. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yote. Hakuna aliyesema kinyesi ni cha nini, kitapelekwa wapi, wala kitatupwa wapi kikishatazamwa. Hadi leo nikilikumbuka baraza lile napandwa na hasira. Unawaendea watu wanaochoma kucha zao, unawaomba kinyesi, halafu huoni haja ya kusema neno la pili!

Nyumbani kwetu hakuna aliyetaka kuvigusa vile viberiti, lakini pia hakuna aliyetaka kufuatwa na askari wa chifu. Aliyetuokoa ni baba mdogo Owino. Alikuwa amerudi juzi tu kutoka mashamba ya chai ya Kericho, mbali na ziwa, ameokoka, na alitaka kila mtu ajue.

"Vileteni hapa," alisema. "Mimi nafunikwa na damu ya Yesu. Mchawi ataanzia wapi?"

Akavijaza vyote vya boma letu, huku watu wazima wakicheka mpaka wakashika mbavu. Watafiti walipomaliza kupima, tukatangaziwa kwamba boma letu halina kichocho hata kidogo. Jirani zetu kadhaa walipewa dawa. Sisi tulipewa pongezi.

Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji ziwani kila siku na kuyachezea mpaka niitwe, na kichocho huingia mwilini kutoka majini. Nilianza kuendesha damu. Tumbo likavimba, miguu ikakonda, nikashindwa kutembea mpaka shuleni. Dani hakuwa na shaka yoyote.

"Nilisema," alinung'unika, akizunguka mkeka wangu. "Nilisema, hamkusikia. Mtoto amefungwa."

Akaanza kumtaja jirani mmoja, mjane aliyekuwa akituletea maziwa, mwanamke asiye na baya lolote. Hapo ndipo mama yangu alipochoka. Watu walimwita Nyar Kano, kwa kuwa aliolewa kutoka Kano, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kumjibu mama mkwe wake. Siku hiyo aliweka chini sufuria na kusema:

"Mama, cha huyu mtoto kilitoka humu lini? Kucha ulichoma wewe. Nywele ulitupa wewe. Kiberiti chake alijaza Owino. Huyo mchawi alipata nini?"

Nilikuwa naumwa vibaya, lakini nakumbuka nilivyofurahi. Dani akainuka.

"Nyar Kano, mbebe mtoto."

"Twende wapi?"

"Kwa hao watu wa viberiti. Lakini leo watanijibu."

Hemani, ambako sasa walikuwa wakipima vijiji vya jirani, tulimkuta daktari kijana kutoka Nairobi, asiyejua Kijaluo. Dani naye alikuwa na Kiswahili chake cha kuuzia samaki sokoni. Daktari alinitazama tumbo, akamnyooshea mama kiberiti. Dani akakizuia.

"Hapana. Kwanza wewe jibu mimi. Hii kitu ya mtoto yangu unafanyia nini?"

"Tunapima, mama. Tafadhali, watu ni wengi."

"Ukimaliza kupima?"

"Tunatupa."

"Wapi?"

Akaonyesha nyuma ya hema. Palikuwa na shimo fupi, wazi kabisa, mbwa wawili wakinusanusa ukingoni.

"Hapo?" Dani alipaza sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka. "Hapo kila mtu anapita? Halafu unafikiri watu wanakuletea yao? Nyumba yangu yote ulipima tumbo ya Owino! Wengine wamekuletea ya mbwa!"

Daktari alikaa juu ya sanduku na kushika kichwa. Kazi yake yote ya vijiji vile ilikuwa imeharibika.

"Kwa nini hamkuniambia?" aliuliza, karibu kulia.

"Wewe uliuliza nani?"

Aling'aka kwa Kizungu, akatoka nje, akarudi. Kisha akauliza kile ambacho alipaswa kuuliza kabla ya kugawa kiberiti hata kimoja: "Sasa nyinyi mnataka nifanye nini?"

Dani alikuwa na jibu. Shimo refu, moto kila jioni, na mwenye kitu chake akitaka kusimama hapo aone kikiungua, asifukuzwe. Tena alitaka kuona wanachokiona wao. Changu kilipowekwa chini ya hadubini, akainama na kubana jicho moja. Daktari alimweleza kwamba yale ni mayai ya mnyoo, na kile kinachochomoza ubavuni ni mwiba.

"Yesu!" alisema Dani. "Na hii iko ndani ya mtoto?"

Upimaji ulianza upya. Moto ulipowashwa, watu walileta vyao wenyewe, na kichocho kikaonekana karibu kila boma. Mimi nilidungwa sindano zilizonitapisha hadi nikatamani kufa, nikapoteza mwaka mzima wa shule. Mwaka huo bado unaniuma. Ulipotea bure, kwa sababu wenye elimu walidhani sisi ni wa kuamriwa, na sisi tukaona ni rahisi zaidi kuwadanganya.

Wengi ninaowasimulia hudhani kwamba siku ile Dani aliacha kuamini uchawi. Hakuacha. Aliuamini mpaka anakufa. Lakini kesho yake alirudi hemani akiwa na kiberiti chake mwenyewe, akangoja jioni, akasimama kando ya moto mpaka kikaungua chote, kisha akamshukuru yule kijana na kurudi nyumbani kupika.