Umeyasikia kwa Nani

Nilipohamishiwa Msambweni, mama yangu aliniuliza kama nisingeweza kuomba kituo kingine. Nilimwambia kwamba askari hachagui. Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja wake kule Bongwe, ingawa alikuwa ameshaufagia asubuhi. Sote wawili tulijua kwamba kijiji tulichotoka kiko mwendo wa nusu saa kutoka kituo hicho, na kwamba hatukuwa tumekikanyaga tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Mimi ni mpelelezi. Siku nyingi kazi yangu ni ya pikipiki zilizoibwa, ugomvi wa mipaka na wageni waliopotelewa na simu Diani. Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Mwaka wa pili, bibi kizee wa kijiji kimoja cha ndani aliuawa kwa panga asubuhi, akiwa ameketi mbele ya nyumba yake akishona makuti. Miezi mitatu baadaye, mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliuawa shambani kwake akiokota korosho. Wote wawili walikuwa wamesemwa kuwa ni wachawi, na katika vijiji vyote viwili hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Mkuu wangu, mtu wa bara mwenye sauti ya chini, aliniwekea faili mbili mezani.

"Madam, hii ni yako," alisema. "Sisi tukienda kule watu wananyamaza tu. Wewe si ni wa huku?"

"Ni wa huku, afande," nilimjibu. Sikumwambia ni wa huku kiasi gani.

Bibi yangu, mzaa mama, aliuawa vivyo hivyo. Mama alikuwa akifanya kazi ya udobi katika hoteli moja Diani, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, nami nililelewa na bibi. Kila alfajiri bibi alitandika mkeka wake chini ya mikorosho akaleta uradi, tasbihi mkononi, midomo ikicheza, hadi jua lilipopanda. Mimi nilikuwa nikimtazama kupitia dirishani na kuona ni jambo la kawaida kama kuchota maji.

Siku moja chuoni, tulikokuwa tukisomeshwa Kurani, wasichana wenzangu walikuwa wakijisifu. Mmoja alisema bibi yake ana kitanda kilichotoka Mombasa. Mwingine alisema wa kwake amekwenda kuhiji. Mimi sikuwa na la kujisifia, nikasema: "Bibi yangu huzungumza na watu wasioonekana, nao humjibu." Wote waligeuka kunitazama, nami nilifurahi sana. Ilikuwa Mfungo Mosi, juma moja baada ya Idi. Majuma mawili baadaye nilirudi kutoka chuoni nikakuta uwanja wetu umejaa watu. Jirani mmoja alinifunika uso kwa leso yake ili nisione.

Siku ya mazishi nilisikia watu wazima wakisemezana kwamba waliomuua walidai ni mchawi. Nikaunganisha mambo mwenyewe, na hakuna aliyejua kwamba nimeyaunganisha. Mama alinichukua tukahamia Bongwe, karibu na Ukunda. Mjomba aliliuza shamba la bibi. Mimi nilisoma, nikaingia polisi, nikaolewa, nikazaa, na muda wote huo niliamini kwamba bibi yangu aliuawa kwa mdomo wangu. Sikumwambia mume wangu wala mama yangu. Nilipokuwa nikisifiwa kazini kwa kuwa mtu wa maneno machache, niliinamisha kichwa.

Basi nikaenda vijijini na faili zile mbili. Kuuliza nani kaua hakukuwa na faida, kwa sababu kila mtu alikuwa shambani, au amelala, au amekwenda kuzika mahali pengine. Baada ya siku kadhaa za kupigwa chenga nilibadilisha swali. Nilimkuta mama mmoja anayeuza mahamri kando ya njia, nikaketi kwenye kigogo kando yake.

"Yule bibi aliyeuawa, wanasema alikuwa mchawi," nilimwambia.

"Hilo wote wanalijua."

"Wewe mwenyewe umeyasikia kwa nani?"

Alifikiri. Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa. "Kwa shemeji yangu," alisema.

Nilikwenda kwa shemeji. Yeye aliyasikia kwa fundi baiskeli. Fundi aliyasikia kwa mtu waliyekuwa wakicheza naye bao. Watu waliokataa kuzungumza habari za panga hawakuona ubaya kuniambia waliyasikia kwa nani, kwani kila mmoja aliona kwamba anajitoa yeye lawamani na kumtia mwenzake. Niliandika kila jina katika daftari, moja chini ya jingine. Ilinichukua majuma matatu, kwa miguu na kwa pikipiki, na mara mbili mnyororo ulikatika nikarudi nyuma kuanza upya.

Lakini kadiri nilivyozoea kazi hiyo ndivyo ilivyonitisha. Nilikuwa nikijifunza kwa macho yangu kwamba maneno kama yale hayaoti yenyewe. Yana mtu wa kwanza. Nikawa nafikiri, kama mpelelezi mwingine angefanya hivi mwaka ule bibi alipouawa, angetoka mtu hadi mtu mpaka afike chuoni, kwa msichana wa miaka tisa. Kuna siku nililifunga daftari njiani nikarudi mapema, nikasingizia jua.

Minyororo yote miwili, wa yule bibi na wa mzee wa korosho, iliishia kwa mtu mmoja. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, dalali wa ardhi, mtu wa kuheshimika, anayesaidia watu kufuatilia karatasi za mashamba yao. Nilipotajiwa jina lake kwa mara ya pili ndipo nilipolikumbuka. Alikuwa kwenye mazishi ya bibi yangu. Alikuja kwa mama kumpa mkono wa pole, kisha akanipapasa kichwani akasema nisilie, bibi amepumzika.

Nilirudi kituoni moja kwa moja nikabisha mlango wa mkuu wangu.

"Afande, nimempata anayeyaanzisha maneno," nilimwambia. "Lakini siwezi kumhoji mimi."

"Kwa nini?"

Nilimweleza habari za bibi yangu na za mkono ule kichwani. Sikumweleza habari za chuoni. Aliisikiliza hadithi yote huku kalamu imesimama hewani.

"Ungeniambia siku ya kwanza," alisema.

"Siku ya kwanza sikujua kama yanahusiana."

"Ulijua kidogo."

Ilikuwa kweli. Hakunigombeza. Alivuta faili zile akaziweka upande wake wa meza, akasema kwamba yeye ndiye atakayemshughulikia mzee yule, nami nisimkaribie. "Lakini kama ndivyo anavyofanya," aliongeza, "pengine kuna mtu wa tatu anasemwa sasa hivi. Mtafute huyo."

Sikuhitaji kumtafuta sana. Kwenye kisima cha kijiji cha tatu, wanawake walinitajia mama mmoja mjane mwenye shamba la minazi linaloshuka kuelekea pwani. Nilimkuta akikuna nazi, ameketi juu ya mbuzi, miguu imenyooka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ukiwa huogopi."

"Niogope nini?"

"Sijui. Wenzangu wanaogopa. Zamani kinu changu hakikai hapa siku mbili, kila mtu anakiazima. Sasa mwezi mzima hakuna aliyekuja. Juzi nimempelekea jirani uji, mtoto wake mgonjwa, nikauona umemwagwa nyuma ya nyumba." Alisema hayo bila kuacha kukuna. "Nimeshajua ninasemwa nini. Nina mvi na macho mekundu ya moshi, wanataka ushahidi gani tena?"

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kulitaka shamba lake. Alimtaja yule mzee. Alikuwa amekuja mara tatu, na mara ya mwisho aliondoka bila kuaga.

Nilimwomba ahamie kwa binti yake Ukunda kwa siku chache. Alikataa. Nilimwomba tena siku ya pili, akakataa. Siku ya tatu nilimwambia jambo nililokuwa sijamwambia raia yeyote, kwamba mimi pia nilikuwa na bibi, na alikufa vipi.

"Ni nani aliyekulea baadaye?" aliuliza.

"Mama."

"Basi nitakwenda, nisimwachie binti yangu mzigo huo. Lakini kuku wangu mtawalisha."

Askari wawili walikaa ndani ya nyumba yake, wakalisha kuku. Siku ya nne, saa nne asubuhi, wanaume wawili waliingia shambani wakiwa na mapanga yaliyofungwa kwenye gunia. Walikamatwa kabla hawajafika mlangoni. Nilikuwa nyuma ya jiko la makuti na nilisikia kila kitu, na kitu nilichokisikia zaidi ni kwamba hakuna mtu aliyelia. Kuku walitawanyika, basi. Nilimpigia yule bibi simu nikamwambia yameisha. Aliniuliza kama kuku wametimia.

Kabla ya adhuhuri wale wawili walikuwa wamemtaja aliyewatuma. Nyumbani kwa mzee ilipatikana karatasi kubwa iliyochorwa kwa mkono, mashamba yaliyopakana yakishuka kutoka barabarani hadi baharini, mengine yametiwa alama. Alikuwa akiyakusanya kwa miaka mingi, moja baada ya jingine, akiyanunua kwa warithi, ili yawe kipande kimoja. Alama ya kwanza kabisa, ambayo wino wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai, ilikuwa juu ya shamba la bibi yangu.

Siku mbili baadaye mkuu wangu aliniita. Mzee alikuwa amekubali kutoa maelezo yake mbele ya wakili, na miongoni mwa hayo zilikuwamo habari za bibi.

"Huna ruhusa ya kuisoma faili," alisema. "Lakini wewe ni familia ya aliyeuawa, na familia huambiwa. Nikusomee?"

Nilisema anisomee.

Alisoma polepole, Kiswahili chake cha bara kikijikwaa kwenye maneno ya mzee wa pwani. Mzee alisema kwamba alikwenda kwa bibi yangu siku ya Miraji, akakaribishwa, akala. Baada ya kula alimwomba amuuzie shamba. Bibi alikataa, akamwambia lile ni la mjukuu wake. Tangu siku ile, alisema, alianza kuwaambia watu kwamba mwanamke yule si mzuri. Aliyasema kwa miezi mitatu, penye bao, kisimani, kwenye arusi, mpaka akaona yamekolea, ndipo akawatuma watu.

"Soma tena hapo," nilimwambia. "Siku gani?"

"Siku ya Miraji. Ni sikukuu?"

"Ni mwezi wa Rajabu, afande. Ishirini na saba Rajabu."

"Sawa. Inabadilisha kitu?"

Rajabu, Shaabani, Ramadhani, ndipo Mfungo Mosi. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kisha nikahesabu tena. Nilipokuwa nimeketi pale chuoni nikijisifu, kijiji kizima kilikuwa kimeshaambiwa. Wasichana wale waliogeuka kunitazama labda walikuwa wameshayasikia kwao, na ndiyo sababu waligeuka. Mdomo wangu haukuwa wa kwanza. Haukuwa hata wa hamsini.

"Hakuna kinachobadilika kwenye kesi," nilimjibu. Kisha nikalia, mbele ya mkuu wangu, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifanya. Yeye alitoka nje akafunga mlango, na nilimsikia akimwambia mtu ukumbini asiingie.

Nilikwenda Bongwe alasiri ile ile. Mama alikuwa akipepeta mchele. Niliketi kwenye kibago mbele yake nikamwambia yote, kuanzia chuoni. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Miaka yote hii?" aliuliza.

"Miaka yote."

"Na ulikuwa ukila chakula changu, ukilala kitandani kwangu, huku unafikiri hivyo." Alikuwa amekasirika kweli, nilimwona. Aliuweka ungo chini. "Mwanangu, mimi nilifikiri ni mimi. Nilikwenda Diani kufua mashuka ya wageni nikamwacha mama yangu peke yake na mtoto. Nilisema ningekuwapo wasingethubutu. Kila ukininyamazia nilijua unanilaumu."

"Sikukulaumu hata siku moja."

"Sasa najua."

Hatukukumbatiana, si watu wa hivyo. Alicheka kidogo, kicheko cha pumzi tu, akasema kwamba bibi angetupiga sote wawili kwa ujinga wetu. Akasimama kubandika sufuria, akaniambia nisiondoke kabla ya kula. Nilikula sahani mbili. Nilipanda gari nikiwa nimelegea mwili mzima, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya safari ndefu, na mikono haijui ifanye nini.

Kesi ilisikilizwa Kwale, na nilitoa ushahidi kuhusu daftari langu tu, majina yale moja chini ya jingine. Mzee amefungwa pamoja na wale wawili. Si kila kitu kimekaa sawa. Mama wa mahamri aliniambia hadi leo anamwota yule bibi aliyeuawa, nami nikamwambia kwamba naye aliambiwa tu.

Yule bibi wa kuku alirudi kwake. Mimi humtembelea siku zangu za mapumziko, na mwaka huu nilimpeleka mama. Wawili hao walibishana mchana kutwa kuhusu namna ya kupika samaki wa kupaka, kila mmoja akidai kwao ndiko walikoanzia, nami nikalala barazani usingizi mzito hadi waliponiamsha kwa ajili ya sala ya alasiri.