Mkwe Aliyejifungia Chumbani na Mtoto

Karibu na lango la mpaka wa Busia, upande wa Uganda, kuna kona ya wauza mayai. Siku hizi pale panauzwa mayai tu. Treya zinashushwa kutoka kwenye baiskeli, zinavuka kwenda Kenya, na kati ya mteja na mteja watu hukaa kimya. Anayekosekana ni Ofumbi, mwanamume mrefu wa Tororo, aliyekuwa akifika asubuhi na treya za mayai kutoka Masaba zimefungwa nyuma ya baiskeli, na mtoto wa kike amefungwa mgongoni kwa kitenge. Njia nzima alikuwa akimsimulia yule mtoto habari za barabarani, kisha akinyamaza kidogo, kama anayengoja maoni yake.

Mtoto aliitwa Patricia. Mama yake, Justine, msichana wa Buteba, alifariki kwa homa mtoto akiwa na miezi mitatu. Baada ya matanga kila mtu alijua kitakachofuata: mtoto angepelekwa kwa nyanya yake Buteba, na Ofumbi angeoa tena. Yeye akafua kitenge cha marehemu, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda baiskeli.

Wanaume wa mpakani hawakumwacha hivihivi.

"Ofumbi, umejifungua lini?"

"Juzi. Na hukuniletea hata sabuni."

Jamirah, jirani yake aliyekuwa na meza ya mayai pale konani, alikuwa na lake pia. "Wewe baba, siku moja utamuuzia mteja huyu mtoto, urudi nyumbani umebeba treya."

"Treya hailii, mama. Nitajua."

Patricia alikuwa na miezi minane siku wageni walipofika. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Ofumbi alirudi kutoka mpakani akiimba kwa sauti yake mbaya, kifua wazi kwa sababu ya joto, kitenge cha mke wake kimemzunguka. Alipokata kona ya nyumba, akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake.

Kosa kubwa kuliko hilo ni vigumu kulipata. Katika kabila la Ofumbi, na kule Buteba vilevile, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Na chumba anacholala mkwe, mama yule hatii mguu, hata nyumba ikiwaka moto. Mama Justine alijifunika uso kwa leso. Ofumbi akaruka ndani kama panya aliyeona paka, akapita sebule, akaingia chumbani na kufunga mlango. Akakaa kitandani akitweta, mtoto bado yuko mgongoni akicheka.

Ndipo alipomsikia Emong, kaka wa mama mkwe, akisema nje kwamba wamekuja kumchukua mtoto. Ofumbi akatazama mlango, akatazama kitanda. Akaelewa kwamba amekaa mahali pekee duniani ambapo mama yule hawezi kumfuata. Akavua viatu.

Mama Justine aliketi barazani, chini ya dirisha la chumba, akaligeuzia kisogo. Pazia lilikuwa limeshushwa. Kwa kuwa hawakuruhusiwa kusemeshana, Emong alisimama katikati.

"Mwambie mwenye nyumba," alisema mama, "mtoto anayenyonya halelewi na mwanaume."

"Mkwe, dada yangu anasema..."

"Nimesikia. Yuko hatua mbili."

"Hata hivyo lazima niseme mimi."

"Basi sema."

Emong akasema. Ofumbi akajibu kwamba mtoto hanyonyi tena, anakunywa maziwa na uji, na kwamba yeye hubeba mayai kutoka Masaba mpaka lango la mpaka katika barabara yenye mashimo, na hayavunjiki. Mtu wa namna hiyo aambiwe hawezi kubeba mtoto?

"Mwambie yai halina jino linalotaka kuota."

"Mkwe, dada yangu anasema yai..."

"Emong, nimesikia."

Ikaenda hivyo mpaka jioni. Mama Justine alilala kwa Jamirah, maana chini ya paa la mkwe asingelala. Alfajiri alirudi barazani. Ofumbi alikuwa bado ndani. Maziwa alipitishiwa na Jamirah, aliyesema amechoka kugeuzwa daraja. Mchana Emong alisema koo limekauka kwa maneno ya watu wengine, akaenda kutafuta malwa, pombe ya wimbi, asirudi mpaka jioni.

Watu wawili, ukuta mmoja, na hapana wa kusema kati yao. Kisha mama akakohoa.

"Patricia," alisema, "mwambie baba yako aache ukaidi. Nyanya yako ana ng'ombe wa maziwa na nyumba iliyojaa wanawake."

Ofumbi alimtazama mtoto, aliyekuwa akitafuna ncha ya pazia.

"Patricia, mwambie nyanya yako simzuii kukupenda. Lakini mimi nimempoteza mmoja. Wa pili simtoi, hata kwa ng'ombe, hata kwa wazee."

Kule nje mama akajibu.

"Patricia, mwambie baba yako na mimi nimempoteza mmoja. Ni yuleyule."

Ofumbi aliwahi kusema kwamba katika maneno yote ya siku zile, hayo ndiyo yaliyokaribia kumfanya afungue mlango. Hakuufungua. Alilia kimya kwa kuogopa kusikika, na alihisi kwamba upande wa pili mtu mwingine anafanya hivyohivyo.

Baada ya muda mama aliuliza, kupitia kwa Patricia, mtoto anakula nini asubuhi. Uji wa wimbi. Na sukari kiasi gani? Ofumbi akataja. Mama akasema kwa sukari hiyo mtoto atang'oka meno kabla hayajaota. Akiharisha anafanyiwa nini? Hapo Ofumbi alijibu vizuri. Anaogeshwa maji ya namna gani? Hapo alijibu vibaya, akakaripiwa, na mtoto akapokea karipio lote kwa niaba yake.

"Patricia, mwambie baba yako nataka kuona anavyokufunga."

Ofumbi alifikiri. Mwiko ni wa uso; mgongo haukutajwa. Akamfunga mtoto, akafungua mlango, akatoka kinyumenyume, akipapasa kizingiti kwa kisigino, mpaka akafika barazani. Mama Justine aliuona mgongo wa mkwe wake, na juu yake uso wa mjukuu, ambao ulikuwa uso wa Justine, ukimtazama bila aibu.

Alikaa akiutazama.

"Patricia," alisema mwishowe, "mwambie baba yako kitenge akishushe, kikushike chini ya makalio. Amekufunga kama mzigo wa baiskeli."

Ofumbi akakishusha, hakugeuka.

Jioni ile mama Justine aliondoka na Emong, mikono mitupu. Hakusema ameshindwa, na Ofumbi hakusema ameshinda. Wazee wa pande zote mbili walikasirika, wakatuma watu, na Ofumbi akawajibu wote neno moja: hapana. Kila mwezi mama alirudi na unga wa wimbi, akaketi barazani akiligeuzia dirisha kisogo, akamlea mjukuu wake kwa kumkaripia baba kupitia kwake. Patricia alipojifunza kusema, alianza kupeleka maneno yale kweli, na kuongeza ya kwake.

Mwaka jana nyumba za kupanga za mtaa ule, ya Ofumbi ikiwamo, zilivunjwa. Wazee wakatuma mtu tena, wakisema sasa mtoto aende Buteba. Ofumbi akampandisha Patricia kwenye baiskeli, akaondoka naye.

Sasa yuko kijijini Masinya, amekodi shamba, analima muhogo. Patricia anaishi naye na anasoma darasa la tatu.