Nilichoma picha ya papa yangu bila kuiona

Wakuu, jambo sana kwenu wote.

Muvumilie Kiswahili yangu ya Masisi, na uzee pia. Hii naandika iko kweli tupu. Ningekuwa natia chumvi, ningejipendelea.

Miaka ya sitini nilikuwa mwalimu kule Ngungu. Akafika muzungu mumoja wa Uingereza, kazi yake kuchora hadithi za mapicha kwa magazeti ya watoto wa kwao. Tulimuita Bwana Kalamu. Kifaransa yake ilikuwa mbovu kuliko yangu, basi tukasikilizana vizuri.

Akaomba nimutafutie muzee wa sura nzuri. Mimi na kiherehere changu nikamupeleka kwa papa yangu, baba mwenye kunizaa.

Papa alikuwa mulimaji wa maharagi, shemasi kanisani. Bwana Kalamu akamuchora siku tatu: na jembe, na kofia, halafu na mukuki tuliazima kwa muwindaji wa Walikale. Papa hakujua hata kuushika! Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Gazeti ikitoka unitumie, Bwana," papa akamuambia. "Sijaonaka sura yangu ku karatasi."

Muzungu akarudi kwao. Miezi ikapita, gazeti ikanifikia kwa posta.

Wakuu, nikaifungua palepale. Sura njo ile ya papa, ndiyo yenyewe, hata kovu ya kidevu. Lakini wamemufanya muchawi mwenye meno ya mbwa, na ukurasa wa mwisho muzungu anamupiga risasi.

Nikaificha mu sanduku.

Kila lori ikitoka Goma, papa anauliza, "Mwalimu, gazeti yangu?" Nasema bado.

Mwaka uliofuata ikaja bahasha kubwa, mwandiko wa Bwana Kalamu. Hasira ikanipanda. Nikaitupa ku moto bila kufungua. Eti nimemukomesha!

Papa akafa angali anauliza.

Halafu ikaja barua ya Bwana Kalamu. Kumbe hadithi inatungwa na mutu mwingine ofisini, yeye anapewa maneno achore. Ile ya muchawi aliichora kwa kuogopa kupoteza kazi, halafu haya ikamushinda, akaacha magazeti kabisa. Wakati ule alikuwa anachora majani na mizizi kwa vitabu vya shule.

Na ile bahasha? Alitia picha ya papa na jembe lake, ile ileile aliyochora pale nyumbani. Haikuwa na nakala. Akauliza kama papa aliipenda.

Mimi nilizania mwenye kuchora njo mwenye kutunga. Sikumujibu mpaka leo, na inaniuma.

Sasa wajukuu wakiuliza papa yangu alifanana namna gani, natoa ile gazeti. Sina ingine. Bunduki nafunika na kidole gumba, meno nafunika na mukono ule mwingine, nawaambia muangalie macho tu.

Basi wakuu, fungueni bahasha kwanza, mukasirike nyuma. Na ninyi, mungemuonyesha papa ile gazeti, ao mungeficha? Semeni tu. Hata mukinitukana, nitasoma.