Goti la Saa Tisa Alasiri

Profesa wetu wa viungo vya watoto hapa Asunción haanzi kliniki kabla ya saa tisa alasiri. Asubuhi yote ni ya kunywa tereré yake, chai ya majani ya baridi. Hukunja goti la mtoto kwa vidole viwili, kama mnunuzi wa parachichi, kisha huniambia, "Andika, sista: halijakaza." Na lisilokaza halipewi dawa. Miaka sita sasa, utafiti wake hauna mtoto aliyekaza hata mmoja. Jana Ysapy, wa miaka saba, akamwambia, "Njoo kwetu alfajiri, Profesa, uone mama anavyonibeba kwenda chooni." Profesa akacheka. "Ningekuja, binti yangu, lakini alfajiri mgongo wangu huu hukaza, siinuki mpaka jua liwe kali." Akalikunja goti. "Andika, sista: halijakaza."