Maneno Niliyomfupishia Guyo

Siku ile, mwanangu, naikumbuka hata nikiwa sitaki. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe kule Merti, nami nilikuwa nimeshuka Mombasa na lori la mbuzi wa kuuza, nikabaki huko. Nikapata kazi kwenye mashua moja pwani ya kusini, ya kuwapeleka wageni kuzamia chini ya bahari na mitungi ya hewa mgongoni. Vijana wa pale walinicheka, wakaniita mtu wa ngamia. Lakini nilijifunza haraka, na mwaka wa pili mimi ndiye niliyekuwa natangulia wageni majini. Kichwa kikavimba. Nikamwita Guyo, mtoto wa baba yangu mdogo, aje nimpatie kazi.

Guyo alikuwa na miaka ishirini, ana nguvu, hana maneno mengi. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari na majani dukani. Miezi miwili alifanya mazoezi kwenye maji yaliyotulia, na sikumwona akiogopa hata siku moja.

Sasa kuna mahali pale ambapo maji hukimbia kando ya matumbawe kwa nguvu, kama mto Ewaso Nyiro ukifurika. Hapo hakuna kuogelea. Unajiachilia, maji yanakubeba, na mashua inafuata boya ulilolifunga kwa kamba hadi mtokee mbele kabisa. Ni raha, sikudanganyi. Matumbawe yanapita chini yako jinsi miti inavyopita ukiwa juu ya lori, na wewe huna kazi.

Asubuhi hiyo Guyo alikuwa anaingia mkondo kwa mara ya kwanza. Nahodha wetu, Mzee Kombo, alitukalisha akatueleza taratibu. Kisha akanigeukia.

"Huyu nduguyo hajanielewa. Mweleze kwa lugha yenu, neno kwa neno. Mkipotezana, asishike mwamba na asingoje mtu. Apande juu polepole, mashua itamfuata."

Wale vijana walikuwa wamekaa pale wanatutazama, tayari kucheka. Kila nikifungua mdomo kwa Kiborana walikuwa wananiiga. Nikaona haya, mwanangu. Niliona haya kwa lugha ya mama yangu. Nikamwambia Guyo harakaharaka, "Maji yatatubeba. Wewe nifuate tu." Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia Mzee Kombo ameelewa.

Tukaingia, mimi mbele na boya, wageni wawili katikati, Guyo nyuma. Baada ya dakika kama kumi nikageuka, sikumwona. Nilijaribu kurudi, nikapiga miguu hadi kifua kikauma, wala sikusogea hata hatua. Nikawapandisha wageni juu. Mashua ikaja, Guyo hayupo.

Mzee Kombo aliniuliza swali moja. "Ulimwambia asingoje?"

"Nilimwambia," nikasema.

Nilisema hivyo mbele ya wageni, mbele ya wale vijana. Kwa sababu ya jibu hilo, mashua ilikwenda mbele, kule mkondo ulikoelekea, kumtafuta mtu aliyepanda juu akabebwa. Tukazunguka na kuzunguka. Na mimi nilikuwa najua. Kwetu, mtoto akianza tu kufuata mbuzi anafundishwa hivi: ukipotea porini usitembee, shika mti ulio karibu ukae hapo, sisi tutarudi kwa nyayo zako. Guyo nilimfundisha mimi mwenyewe. Alipokuwa na miaka sita alipotea siku nzima, nikamkuta ameukumbatia mti, hata halii, kwa vile alijua nitakuja.

Nilipopata ulimi wa kusema kweli, nusu saa ilikuwa imekwisha. Mzee Kombo hakunitukana. Aligeuza mashua tu, akaturudisha nyuma, karibu na pale tulipoingilia. Vijana wawili wakazama. Walimkuta mikono yote miwili imeshika mwamba, na uso ameuelekeza upande nilioendea. Mtungi ulikuwa mtupu.

Tulimzika huko huko kabla ya jua kutua. Wale waliokuwa wakinicheka ndio waliochimba kaburi.

Nikapanda gari hadi Isiolo, halafu lori la Merti. Mama yake alikuwa ameshapata habari. Nilimtolea salaamu, akaitikia. Nikamweleza yote, maana uongo ulikuwa umeshanichosha. Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anakungoja wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mtoto wangu alikutii," akasema.

Hakunilaani. Laiti angenilaani. Alinimiminia chai, akatoka kukaa nje mpaka nimalize. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo, nikija analeta chai, na anatoka. Sijui kama alinisamehe. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa, sasa amekufa.

Mwanangu, nasikia umefanywa msimamizi kwenye machimbo ya mawe, na una vijana wageni chini yako, Waturkana, Wameru, watu wetu wa Sericho. Usimpe mtu kazi inayoweza kumuua ukamfupishia maneno. Mweleze yote, kwa lugha anayoielewa, na kama wewe huijui mtafute anayeijua. Mwambie akurudishie kwa mdomo wake mwenyewe. Wanaocheka waache wacheke. Muulize pia kwao alifundishwa nini, maana kile alichofundishwa utotoni ndicho atakachokishika akiogopa. Na ukikosea, sema papo hapo, mbele ya yeyote aliyepo, wakati bado kuna mtu wa kuokolewa. Mimi nilisema, lakini nilichelewa, na kusema kwa kuchelewa hakukumsaidia Guyo hata kidogo.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Na kila jioni akurudishe na wote uliotoka nao asubuhi, asibaki hata mmoja anayekungoja.