Moto Niliouacha Uzimike

Atakayesema nimeota na aseme, lakini nilikuwa macho, tena mchana kweupe. Mambo ya usiku waachieni wengine. Mimi yangu yalinikuta jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Sherehe zilikaribia, ikaletwa ndege ndogo kufanya mazoezi ya sarakasi za angani juu ya kiwanja chetu cha udongo hapa Sumbawanga. Jamani, tulipagawa! Watu wa mtaa wetu wa Izia waliacha ulezi shambani. Ndege ilipanda wima, ikajipindua chali, ikajiviringisha, nasi tukihesabu kwa sauti kila ilipopinduka: moja! mbili!

Lakini mimi nilikuwa na kazi. Balozi wetu wa nyumba kumi alinipanga niwashe moto wa majani mabichi mwisho wa kiwanja, ili rubani auone moshi na kujua upepo unaelekea wapi kabla hajatua. Upepo wa huku kwetu Ufipa mnaujua, hugeuka bila kuaga. Kazi yenyewe ni kuongeza majani, basi. Msichana wa miaka kumi na tisa angeshindwa?

Siku ya tatu nimejilaza kwenye nyasi, macho juu, kijana mmoja akaja kuketi kando yangu. Alivaa koti zito, kidevuni ana plasta ndogo, na anatetemeka kwa baridi na jua lote lile. Sikumjua. Nikadhani ni mtumishi mgeni kutoka Mbeya.

"Sasa anapindua kushoto," akasema, na ndege ikapinduka kushoto. "Sasa anaiacha ianguke kidogo." Ikaanguka. Nikacheka kwa raha. Nani asingependa kuketi na mjuzi?

Kisha akasema, "Dada, moto wako unazimika."

"Ngoja kwanza, imefika sita."

Ya saba ikapita, watu wakashangilia.

"Dada, nakuomba. Mafuta yamebaki kidogo."

Nikaudhika. "Kama una haraka, si ukaongeze wewe?"

"Mikono yangu ina kazi," akajibu taratibu. Nikatupa jicho. Aliikunja mbele ya kifua, kama mtu aliyeshika mpini wa jembe, lakini hakushika kitu. Hata hapo, niaminini, nilirudisha macho juu. Nilitaka kuiona ya nane.

Nilipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Nyasi za kando yangu zilikuwa zimesimama, hazijakaliwa. Kwenye moto yamebaki majivu na makaa mawili matatu. Ndege ikashuka, upepo unaisukuma mgongoni, ikapita kiwanja chote bila kusimama, ikaishia korongoni.

Wenzangu walikimbilia ndege. Mimi nilikimbilia moto kwanza, nikautupia majani, nikapuliza mpaka moshi ukapanda. Mungu anisamehe. Nilipofika korongoni walikuwa wanamtoa rubani, amekwisha kufa. Kidevuni ana plasta ndogo.

Wakubwa waliponiuliza kama moshi ulikuwepo, nikasema, "Ulikuwepo, tena mwingi. Si huo mnauona?" Ikaandikwa kwamba rubani alikosea.

Mwezi haukupita, mama yake akaja kutoka mbali, balozi akamleta nyumbani kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mikono yote miwili. "Nimekuja kuwaomba radhi. Mwanangu amewasumbua kwa uzembe wake. Na wewe ahsante. Ulimwashia moto vizuri, yeye ndiye hakuutazama."

Unadhani nilimwambia? Nilisema, "Pole, mama." Nikamkaribisha ugali, akala kidogo, akanibariki, akaondoka.

Sasa nina wajukuu. Yule kijana hajanitokea tena, na laiti angetokea, ningempigia magoti. Ndege ikipita juu ya Sumbawanga mimi huingia ndani.

Wewe unayenisikiliza, ukipewa kazi ya kumlinda mtu, ifanye, hata malaika wakicheza ngoma angani. Na ukikosea, sema siku ileile. Yule mama amekufa akiamini mwanawe alikuwa mzembe, na aliponibariki mimi niliitikia amina.