Namba Kumi na Saba na Wenzake

Orodha ya marejeo thelathini ilinigharimu nafasi ya masomo ng'ambo, meza ya karibu na dirisha, na chai ya saa nne, ambayo tangu siku ile hakuna aliyenimiminia tena pale ofisini. Nimeihesabu hasara hiyo mara mbili, kama mama alivyonifundisha alipokuwa akiuza dagaa sokoni Katonga: hesabu mbele ya mteja, akigeuka hesabu tena. Mara zote mbili nimeona bado nina faida.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, mji umejaa magari meupe na kila ofisi ina mgeni wake. Mgeni wetu, katika ofisi ya utafiti wa ziwa, alikuwa mzee wa Kirundi aliyevuka mpaka na mkewe wakapokewa na shemeji yao mtaa wa Kasingirima. Kwao alikuwa mtafiti wa samaki. Kwetu aliandikwa kibarua wa kupima dagaa. Anapima, anaosha rula, anasaini malipo ya siku, anakwenda zake.

Mkuu wangu na mimi tulikuwa tunaandika makala kuhusu dagaa wanaooza masika, wakati hakuna jua la kuwaanikia. Jina lake la kwanza, langu la pili. Mkuu alihamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, na ziwa aliendelea kulipenda kwa mbali vilevile. Sikuwahi kuona gamba la samaki kwenye shati lake. Karibu nusu ya tuliyoyajua kuhusu masika tuliyatoa katika kazi ya yule mzee, iliyochapwa kwao kwa Kifaransa kabla ya vita. Nakala yake ilikuwa kabatini kwetu.

Jarida la Ulaya likaturudishia makala na malalamiko mawili. Marejeo tumeyapanga kwa alfabeti, wao wanataka namba, kwa jinsi kila kazi inavyotokea ndani ya makala. Tena yasizidi thelathini. Sisi tulikuwa nayo arobaini na moja. Mkuu akachukua kalamu nyekundu, akakata kumi na moja, akanitupia mezani.

"Panga."

Nikahesabu. Kazi zake mwenyewe zilikuwa tisa, zote zimesalimika. Ya mzee imekatwa. Nikafungua ndani ya makala: sentensi za mzee zipo vilevile, zimekaa kwa raha zao. Kilichoondolewa ni jina tu.

Nikaenda kwake.

"Mkuu, kuna huyu mzee umemkata, na maneno yake bado tunayatumia."

"Kifaransa kile nani atakisoma? Na mwenyewe mkimbizi, kesho hayupo."

"Basi tuelewane. Wewe una tisa. Toa moja, nikuachie nane, mzee apate hiyo moja."

"Hapa ni sokoni?"

"Sokoni ningeshapewa na nyongeza, mkuu."

Hakucheka. "Mwishoni tumewashukuru vibarua wote. Na yeye si yumo? Funga mlango ukitoka."

Jioni nilipita Kasingirima kumwambia mzee mwenyewe, maana sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilimkuta anachambua maharage na mkewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa ungo kidogo.

"Ego," alisema, ndiyo ya kwao. "Nilidhani hivyo."

Halafu akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema ofisini. Kuna chuo nchi ya jirani alikuwa ameomba kazi ya kufundisha. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Aliwapelekea fotokopi ya ile kazi yake ya zamani, wakamjibu kwa adabu kwamba wameiona, lakini wangependa kujua kama kuna mtafiti yeyote wa leo anayeitumia.

"Mwananje," aliniita, yaani mwanangu, "sitaki kusifiwa. Nataka ukurasa mmoja wenye jina langu, nikauweke kwenye bahasha."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini si hasira ya kupiga kelele. Ni ile ya muuza dagaa aliyegundua mizani ya tajiri ina jiwe chini yake. Hapigi kelele. Anaomba kupimiwa tena.

Kesho yake nikachukua maelekezo ya jarida, karatasi ambazo mkuu hakuwahi kuzifungua, nikaamua kuyatii yote, neno kwa neno. Sharti la kwanza: kazi isiyo na namba ndani ya makala haikai kwenye orodha. Nikazipitia zile tisa za mkuu. Nane hazikutajwa popote. Alizipachika kama mtu anavyojaza picha zake sebuleni. Nane zikatoka. Nyingine tatu zilikuwa zimeandikwa mara mbili, nakala zake zikatoka. Kumi na moja kamili, wala kalamu nyekundu sikuihitaji. Sharti la pili: kila sentensi ya kuazima ipewe namba. Sentensi yetu ya kwanza kabisa ilikuwa ya mzee. Akawa namba moja.

Ikabaki kazi moja ya mkuu, ile aliyoiweka kwenye fremu ukutani, aliyoifanya na wazungu sita. Humo jina lake ni la nne. Sharti la tatu la jarida: wakizidi watatu, andika watatu wa kwanza, wanaobaki waite "na wenzake".

Mimi si mtu wa kubishana na masharti.

Nilimpelekea asaini. Aligeuza mpaka ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini.

"Thelathini?"

"Thelathini, mkuu. Nimehesabu mara mbili."

Akasaini. Yeye hakuhesabu hata mara moja.

Jarida lilipofika limechapwa, alilifungua mbele ya ofisi nzima, birika la chai likiwa bado linafuka. Akaenda moja kwa moja kwenye marejeo. Akashuka na kidole, akapanda, akashuka tena.

"Mimi niko wapi?"

"Namba kumi na saba, mkuu."

"Sijioni!"

"Uko kwenye wenzake."

Tarishi alitoka nje akachekee ukutani. Wiki iliyofuata jina langu likafutwa kwenye orodha ya waendao masomoni, na meza yangu ikahamishiwa stoo, karibu na nyavu.

Mzee alipata ukurasa wake, na chuo kikampata yeye. Siku anaaga aliniambia, "Umeniweka wa kwanza, mwananje. Mimi niliomba kuwemo tu."

"Kuwemo ni haki yako, mzee. Kuwa wa kwanza ni nyongeza."

Sasa mkuu amestaafu. Juzi kanipigia simu, sauti imelainika, ananiita "mwanangu". Anaomba kazi ya ushauri kwenye mradi fulani, na anataka nimpangie orodha ya kazi zake zote, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua marejeo. Safari hii hakuna jarida wala masharti. Masomo yangu hakuyataja, na mimi bado namdai.

Ile ya kwenye fremu nimeiandika jana. Majina matatu ya kwanza yako tayari, na nafasi ya la nne, lake, iko wazi mbele yangu. Ninyi mliowahi kuwa vibarua kwenye shukrani za watu, nishaurini: niliandike, au nimwambie kwanza anirudishie changu?